MZEE FREUD NA SIRI YA MARAFIKI SITA

Najua nimepotea hapa kijiweni, mtanisamehe, maisha ya kuungaunga haya mnayajua wenyewe. Leo sina siasa wala mpira. Leo nina habari ya mgonjwa.

Wiki mbili zilizopita mdau mmoja aliniandikia barua pepe ndefu, nikaisoma mara mbili. Mama yake amekutwa na kansa ya titi. Majibu hakupewa mama, walipewa watoto, na watoto wakakaa kikao wakakubaliana mama aambiwe ni uvimbe wa kawaida tu. Mdau wangu ndiye kitindamimba, ndiye anayekaa na mama nyumba moja, ndiye anayempeleka kliniki. Anasema imefika mahali hawezi hata kula naye meza moja, kwa sababu mama anamtazama sana. Ananiuliza afanyeje.

Jamani, mimi si daktari. Nimeishia kidato cha nne, na baiolojia yenyewe nilipata D. Nikamjibu kuwa ushauri wa kitaalamu sina, ila kuna mzee mmoja nimekuwa nikisoma habari zake, yalimkuta hayo hayo, tena yeye mwenyewe alikuwa daktari. Nikaahidi kumwandikia. Ndiyo hii.

Mzee mwenyewe ni Sigmund Freud. Wengi mnamjua kwa jina, yule daktari wa ndoto, yule wa kumlaza mgonjwa kwenye kochi na kumwacha aongee. Alizaliwa tarehe 6 Mei 1856 katika mji mdogo wa Freiberg, ambao siku hizi unaitwa Příbor na uko Jamhuri ya Czech. Familia ya Kiyahudi, baba mfanyabiashara wa sufi. Akiwa bado mtoto wakahamia Vienna, Austria, na huko ndiko alikokaa karibu maisha yake yote. Udaktari alimaliza 1881, akaoa 1886, mke anaitwa Martha, wakapata watoto sita. Kitabu chake cha kufasiri ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899. Nadharia zake zingine nazipita, nyingine wataalamu wa leo wameshazikataa, na nyingine nikiziandika hapa mama zangu watanisema. Shikeni kitu kimoja tu: kazi yake yote ilisimama juu ya wazo kwamba jambo ukilifungia moyoni linakula, na ukipata wa kukusikiliza unapata nafuu.

Kitu cha pili cha kushika ni tumbaku. Mzee alikuwa anavuta siga, yale masigara manene, kama 20 kwa siku. Akiambiwa aache anaacha siku mbili tatu, anarudi.

Sasa twende 1923.

Freud alikuwa anakaribia miaka 67. Akaona kiuvimbe ndani ya mdomo, upande wa kulia, kule juu kwenye taya na kaakaa. Akakaa nacho kimya wiki kadhaa, mnawajua wanaume. Mwezi Aprili akamwonyesha Felix Deutsch, rafiki yake na daktari aliyekuwa anaangalia afya yake. Deutsch kuchungulia tu, akajua ni kansa. Lakini alichomwambia mgonjwa ni kwamba lile ni doa jeupe la wavuta tumbaku, likatwe, basi.

Kwa nini alificha? Hapa nisimwonee Deutsch, alikuwa na sababu zake. Freud alikuwa amemtamkia kuwa kama ni ugonjwa mbaya amsaidie kuondoka duniani kwa heshima. Tena akamtaja mama yake mzazi, ambaye alikuwa hai bado na miaka 87, kwamba bibi yule hataweza kupokea msiba wa mwanawe. Deutsch akaogopa kuwa mzee akiujua ukweli atajiua. Kwa hiyo akafanya kile kile walichofanya ndugu za mdau wangu. Alimpenda mgonjwa, akamdanganya.

Siku ya kukatwa, mzee naye alitoka kwake bila kumwaga mtu. Yaani daktari anamficha mgonjwa, na mgonjwa anaificha familia. Simu ikapigwa nyumbani kuwa analala hospitali, aletewe vitu. Martha na binti yao Anna wakakimbia, wakamkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni, nguo zimeloa damu. Kwa kuwa nafasi haikuwepo, akawekwa kwenye chumba kidogo pamoja na mgonjwa mwingine, mtu mwenye kimo kifupi sana na ulemavu wa akili. Mchana wageni hawakuruhusiwa, mke na binti wakaambiwa waondoke. Walipokuwa hawapo damu ikaanza kumtoka kwa nguvu. Akabonyeza kengele ya kumwita nesi, kumbe mbovu, na kuita hawezi maana mdomo ndio uliokatwa. Yule jirani yake ndiye aliyekimbia kuita watu. Jina lake sijaliona popote, ila bila yeye habari ya Freud ingeishia hapo.

Anna aliporudi akagoma kuondoka. Akakaa kando ya kitanda mpaka asubuhi. Alikuwa na miaka 27, ndiye kitindamimba wa nyumba ile. Mdau wangu, umesikia?

Mzee akarudi nyumbani na bado hakuna aliyemwambia kitu. Halafu likaja jambo lililomvunja kuliko hata kansa. Binti yake Sophie alikuwa amefariki Januari 1920 kwa yale mafua makali yaliyozunguka dunia nzima, akaacha watoto wawili wa kiume. Mdogo wao, Heinele, alikuwa Vienna wakati huo, ana miaka minne na ushee. Mtoto alikuwa ametolewa mafindofindo karibu wakati ule ule babu alipokatwa mdomoni, akawa anamuuliza babu yake kama na yeye ameshaweza kula ganda la mkate, maana yeye anaweza tayari. Tarehe 19 Juni 1923 mtoto yule akafa kwa kifua kikuu. Waliomjua Freud wanasema hiyo ndiyo mara pekee walimwona analia machozi. Mwenyewe alikuja kueleza kuwa tangu siku ile kuna kitu ndani yake kilikufa, hakufurahia tena maisha.

Kuna watu mitaani watakwambia kansa inaletwa na huzuni. Msiwasikilize, ya mzee huyu ilihusu siga. Ila huzuni juu ya kansa ni mzigo juu ya mzigo, na yule aliyekuwa ameandika makala juu ya kuomboleza, ilitoka 1917, alikuwa amekaa peke yake na msiba wake na hajui hata anaumwa nini.

Mwisho wa Agosti mwaka huo ndipo kilipokaa kikao. Freud na familia walikuwa mapumzikoni Lavarone, milimani kaskazini ya Italia. Chini ya mlima, mahali panaitwa San Cristoforo, wakakutana wanafunzi wake sita wa karibu: Abraham, Eitingon, Ferenczi, Jones, Rank na Sachs. Deutsch akawaambia ukweli kuwa mzee ana kansa. Wakajadili wee, aambiwe asiambiwe. Wote sita walikuwa watu ambao kazi yao ni kuwafanya wagonjwa waseme yaliyofichika! Wakaishia kuficha. Mzee alikuwa na safari ya Roma na Anna, wakasema tumwache aende kwanza, ukweli utafuata.

Anna alijuaje? Baada ya kikao, wakiwa wanapanda mlima, akamwambia Deutsch kuwa wakipapenda Roma huenda wakakaa zaidi. Deutsch akashtuka, akamtaka aahidi kuwa hawatakaa zaidi. Anna hakuwa mjinga, akaelewa. Hakuna aliyemwambia kwa mdomo, aliambiwa na uso wa daktari.

Basi wakaenda, baba na binti. Kwenye treni wakati wa kifungua kinywa damu ikamruka mzee mdomoni. Wakatazamana. Wakaendelea na safari. Mzee akamtembeza binti yake Roma yote, huyu anajua, na yule anajua, na hakuna anayesema. Sehemu hii nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Wadau, nitoke kidogo nje ya Vienna. Mama yake mama yangu alifariki kwa kansa ya shingo ya kizazi. Sisi tulimwambia ni vidonda vya tumbo. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote pale nyumbani, nikaapishwa nisiseme. Kila akiniuliza mjukuu wangu, madaktari wamesema nini, nilikuwa najifanya nimeitwa nje. Mwisho akaacha kuniuliza. Tukawa tunaongelea kuku tu, kuku wametaga, kuku wameibwa. Alipofariki tukafungua kopo lake la maziwa chini ya kitanda, tukakuta sanda imekunjwa, na hela zimefungwa kwenye leso kwa ajili ya kuchimba kaburi. Alikuwa anajua. Alijiandaa mwenyewe, peke yake, watu tisa ndani ya nyumba. Hadi leo sijui angependa kuniambia nini kama ningekaa badala ya kutoka.

Turudi kwa Freud. Oktoba 1923 akakabidhiwa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mdomo, Hans Pichler, mtu makini sana. Safari hii hapakuwa na kuficha tena. Pichler akamkata kwa awamu mbili, akatoa sehemu ya taya la juu na kaakaa upande wa kulia. Pakabaki tundu, mdomo na pua vikawa chumba kimoja. Ikabidi atengenezewe taya bandia la kuziba, bila hilo hawezi kula wala kusema. Lile taya lilikuwa kubwa, linamchubua, kulivaa tabu, kulivua tabu. Nyumbani wakalipa jina la zimwi. Kuna siku yeye na Anna walihangaika nusu saa nzima kulirudisha likakataa. Sikio la kulia likapoteza usikivu, ikabidi kochi la wagonjwa lihamishwe upande wa pili ili asikilize kwa la kushoto. Hakupenda tena kula mbele za watu.

Na siga hakuacha! Taya likiwa gumu kufunguka anatumia kibanio cha nguo kutanua meno apitishe siga. We acha tu. Hapa nakiri mzee ananishinda.

Deutsch aliondolewa kazi ya kumtibu. Freud hakuvumilia kuwa alifichwa. Urafiki wao ulikuja kurudi baadaye, lakini udaktari hapana. Na miaka mingi mbele, akiwa London, Jones alipomsimulia kuwa hata wao sita walikaa kikao, mzee aliwaka. Alitaka kujua ni nani aliyewapa haki hiyo. Zimepita zaidi ya miaka kumi, amepona na kuugua tena mara nyingi, na bado linamuuma.

Nesi wake kwa miaka 16 alikuwa Anna. Hakutaka mwingine. Wakawekeana sharti toka mwanzo: kazi ifanywe bila kuonyeshana huruma wala machozi. Kusafisha kidonda, kuvaa taya, kuvua taya, kimya kama mafundi. Mimi sharti lile silipendi. Mtu aliyefundisha dunia kuongea yaliyo moyoni, nyumbani kwake aliweka sheria ya kutoongea. Lakini labda wao ndivyo walivyoweza kustahimili, nani ajuaye, kila nyumba ina namna yake. Na angalau lile lililokuwa halisemwi sasa lilikuwa linajulikana na wote wawili.

Anna naye nani alimuuguza? Watu wanasahau kuwa anayeuguza anaumwa pia. Alipohitaji mtu wa kumsikiliza kitaalamu, aliyemsikiliza ni baba yake huyo huyo, jambo ambalo wataalamu wengi wanalilaumu. Bahati yake mwaka 1925 alifika Vienna mama mmoja Mmarekani, Dorothy Burlingham, na watoto wake wanne. Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Pia ndiye aliyekuwa anamwakilisha baba mbele za watu. Mwaka 1930 mzee alipopewa tuzo ya Goethe kule Frankfurt, aliyesimama kusoma hotuba ni Anna. Na nyongeza kwa wenzangu tulioishia njiani: dada huyu chuo kikuu hakukanyaga, alikuwa mwalimu wa shule, na akaja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kutibu nafsi za watoto.

Mwaka huo huo wa 1930, Septemba, mama yake Freud akafariki na miaka 95. Mzee alieleza jambo la ajabu, kwamba alijisikia mwepesi, kwa kuwa miaka yote ile hakuwa na ruhusa ya kufa kabla ya mama. Miaka saba mtu mwenye kansa anajikaza ili mama yake asiumie.

Mwaka 1929 alikuwa amepata daktari mpya, kijana, Max Schur. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajapimwa, Freud akampa masharti mawili. La kwanza, amwambie ukweli siku zote, uwe mzuri uwe mbaya. La pili, muda ukifika asimwache ateseke bure. Schur akakubali, wakapeana mikono. Miaka kumi iliyofuata Schur alimchungulia mdomo mara ngapi sijui, na kila alichokiona alikisema. Jumla mzee alikatwa zaidi ya mara 30. Kati ya upasuaji na upasuaji anaandika vitabu na anaona wagonjwa. Hakuwa anasumbuliwa na kubahatisha sura za watu.

Machi 1938 Wanazi wakaingia Austria. Tarehe 22 Machi Anna akachukuliwa na Gestapo, akashinda huko siku nzima. Alirudi jioni. Baba akakubali kuhama, na tarehe 4 Juni wakapanda treni kwenda Uingereza kupitia Paris. Dada zake wanne wazee walibaki, wakaja kufia wote mikononi mwa Wanazi. Septemba Pichler akasafiri kwa ndege hadi London kumkata tena. Mwanzoni mwa 1939 kansa ikarudi mahali ambapo kisu hakifiki. Akapigwa mionzi. Dawa kali za maumivu alikataa, alitaka akili yake iwe macho, akawa anakunywa aspirini. Wagonjwa aliwaona hadi Agosti.

Kitanda kikashushwa chini kwenye chumba chake cha kazi, aione bustani. Kidonda kilikuwa kinatoa harufu, nzi wanakuja, ikabidi afungiwe chandarua. Alikuwa na mbwa wake aliyempenda sana, mbwa akawa anakimbilia kona ya mbali ya chumba, hataki kusogea. Mzee aliona na alijua sababu. Anna hakukimbia. Alikuwa anaamka usiku mara kadhaa kumpulizia dawa ya ganzi.

Tarehe 21 Septemba akamshika mkono Schur, akamkumbusha lile agano la siku ya kwanza, akamwomba aongee na Anna. Anna alipinga, kisha akakubali. Schur akamchoma mofini, mzee akalala usingizi wa amani, akarudiwa, na alfajiri ya tarehe 23 Septemba 1939 akafariki. Miaka 83. Najua hapa kuna watakaoniandama, na sheria zetu haziruhusu daktari kumfupishia mtu maisha, wala sijaandika kwa ajili hiyo. Ninachokitazama ni kwamba mgonjwa, daktari na binti, wote watatu siku ile walikuwa wanaongelea kitu kimoja kwa jina lake.

Anna aliishi kwenye nyumba ile ile hadi alipofariki 1982. Wakati wa vita yeye na Dorothy walifungua vituo London kulea watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Kuhusu wagonjwa wa kansa, wengine walikuja kuendeleza. Cicely Saunders alifungua St Christopher's huko huko London mwaka 1967, akafundisha kuwa maumivu ya mgonjwa si ya mwili tu, yako na ya moyo, ya familia na ya roho. Jimmie Holland kule New York, kuanzia 1977, akaweka madaktari wa nafsi ndani ya hospitali ya kansa. Kwetu huku Nairobi Hospice ilianza 1990, na Hospice Africa Uganda 1993. Siku hizi hata hapa kwetu ukiuliza hospitalini unaweza kuonyeshwa mtu wa ushauri nasaha, na anakaa na mgonjwa na ndugu pia. Tatizo wengi hatuulizi, tunaulizia dawa tu.

Mdau uliyeniandikia, ndiyo hiyo niliyokuahidi. Kaka na dada zako si watu wabaya, Deutsch naye hakuwa mbaya. Ila nakuomba kabla ya kikao kingine mtafuteni huyo mtu wa ushauri, akae na nyinyi kwanza. Halafu siku ukiwa na mama peke yenu, yeye anachambua mchele au unamsuka, usimmwagie yote. Muulize tu angependa kujua kiasi gani, na angependa nani amwambie. Akisema hataki kujua, hiyo nayo ni haki yake. Na akikuuliza kitu, usitoke nje.

Mkishaongea niandikie tena, hata kama mambo hayakwenda vizuri.